Kipimo Kwanza, Fremu Baadaye

Maandishi ya mazungumzo ya afya kwa mabaraza ya wananchi wa Kaunti ya Kakamega, kuhusu kuchagua, kununua na kutunza miwani



Mazungumzo haya yanaanzia kwenye kibanda cha ushonaji, mfano wa vibanda vilivyo katika kila soko la kaunti hii, kuanzia Kakamega mjini hadi Butere, Mumias na Malava. Ndani yake ameketi fundi wa kike mwenye umri wa miaka 46. Ameshona sare za shule kwa miaka 20. Siku hizi anausogeza uzi mbali na uso, kisha karibu, kisha mbali tena. Mwishowe anamwita kijana wa kibanda jirani amtungie sindano. Jua likianza kushuka anafunga kazi, ingawa wateja bado wapo. Majirani wanasema amechoka. Yeye mwenyewe anasema ni umri tu, na kwamba kazi ya cherehani si ya wazee.

Fundi huyo hajazeeka kiasi cha kuacha kazi. Anachokosa ni miwani ya kusomea. Ndani ya jicho la binadamu kuna lenzi laini inayobadilisha umbo ili mtu aone kitu kilicho karibu. Miaka inavyosonga, lenzi hiyo inakuwa ngumu. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, karibu kila mtu huanza kuona maandishi madogo yakififia. Hali hii humpata mwalimu, karani, mkulima anayesoma maelezo kwenye chupa ya dawa ya mimea, mama anayechambua mchele, na wakala wa M-Pesa anayesoma nambari kwenye simu. Haiambukizwi wala haitokani na kusoma sana. Haizuiliki, lakini miwani huirekebisha siku ile ile inapovaliwa.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake kuhusu uoni iliyotolewa mwaka wa 2019, lilieleza kwamba watu bilioni 2.2 au zaidi duniani wana tatizo la kuona. Kati yao, angalau bilioni 1 wana tatizo ambalo lingeweza kuzuiwa au ambalo bado halijashughulikiwa. Na ndani ya hiyo bilioni, watu milioni 826 walikosa tu msaada wa kuona karibu, tatizo lile lile la fundi wa cherehani.

Hasara yake ilipimwa mashambani. Huko Assam, India, watafiti waliwafuatilia wachumaji chai 751 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Nusu yao walipewa miwani ya kuonea karibu mwanzoni, na nusu wakasubiri hadi utafiti uishe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2018 yalionyesha kwamba uzalishaji wa waliopewa miwani ulizidi wa wenzao kwa takriban asilimia 22. Vidole vilikuwa vile vile. Wachumaji wa majani chai pembezoni mwa msitu wa Kakamega wanaelewa maana ya tofauti hiyo siku ya malipo.

Kwa hivyo miwani ni kifaa cha kazi, kama jembe au cherehani, wala haifai kuonwa kuwa pambo la wasomi. Na kama kifaa chochote cha kazi, inaweza kununuliwa vizuri au vibaya. Ujumbe wa mazungumzo haya ni mmoja: anayetaka miwani aanze na kipimo, fremu ifuate.

Kwa nini kipimo kitangulie

Mtu anayetaka miwani mara nyingi huanza na sura. Anasimama mbele ya kioo cha mchuuzi, anajaribu fremu tano au sita, anachagua inayompendeza, kisha anauliza bei. Macho yenyewe hayajaulizwa kitu.

Miwani ya kusomea iliyo tayari, ile inayouzwa kwenye meza za wachuuzi na katika maduka ya dawa, haiharibu macho. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu wengi wamekatazwa kuivaa kwa hofu isiyo na msingi. Mtu ambaye macho yake mawili yana nguvu sawa, na ambaye shida yake ni ya umri peke yake, anaweza kuitumia kwa miaka. Ila miwani hiyo ina mipaka miwili.

Mpaka wa kwanza ni kwamba lenzi zake mbili huwa na nguvu moja. Watu wengi wana jicho moja tofauti na lingine. Wengine wana jicho ambalo mviringo wake wa mbele si sawa pande zote, hivyo mistari huonekana kama ina kivuli. Hao wakivaa miwani iliyo tayari hupata kichwa kuuma, au hubaki wakitumia jicho moja bila kujua.

Mpaka wa pili ndio mzito. Mtu akiona vizuri kidogo baada ya kununua miwani, hutulia, na hakuna anayemchungulia ndani ya jicho. Kuna ugonjwa wa glakoma, unaotokana mara nyingi na presha ya jicho kupanda. Unakula uwezo wa kuona kwa pembeni polepole, bila maumivu. Kinachopotea hakirudi, lakini ugonjwa ukigunduliwa mapema, dawa au upasuaji huweza kuuzuia usiendelee. Kuna kisukari, kinachoharibu mishipa midogo nyuma ya jicho kabla mgonjwa hajahisi lolote. Kuna mtoto wa jicho, ambaye hakuna miwani inayomwondoa. Upasuaji ndio tiba yake. Watu wenye matatizo hayo wamekuwa wakibadilisha miwani mwaka baada ya mwaka, wakidhani hawajapata namba inayofaa.

Kwa hiyo, aliyefikisha miaka 40 na apimwe macho hata kama anajiona mzima. Aliye na mzazi au ndugu mwenye glakoma asisubiri umri huo. Mwenye kisukari apimwe kila mwaka. Na mtu yeyote anayepata upofu wa ghafla, maumivu makali ya jicho, au kuona mwanga unaomulika na madoa mengi yanayoelea, asiende duka la miwani kabisa. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mahali pa kupimwa pako karibu. Hospitali Kuu ya Rufaa ya Kaunti ipo Kakamega mjini. Kaunti jirani ya Vihiga kuna Hospitali ya Macho ya Sabatia, inayojulikana na familia nyingi za magharibi mwa Kenya. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilicho hapa hapa Kakamega, hufundisha wataalamu wa kupima macho. Aliye mbali na mji aulize kwanza katika kituo cha afya cha karibu au kwa mhudumu wa afya wa jamii, ili ajue siku ambazo huduma ya macho hutolewa kabla hajatumia nauli.

Karatasi ya vipimo

Baada ya kupimwa, mtu hupewa karatasi ya vipimo. Karatasi hiyo si siri ya daktari. Huwa na mstari wa jicho la kulia na mstari wa jicho la kushoto. Alama ya kutoa humaanisha lenzi ya kuonea mbali, kwa mtu ambaye vitu vya mbali havionekani vizuri. Alama ya kujumlisha humaanisha lenzi ya kukuza, kama ya kusomea. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo lenzi inavyokuwa na nguvu zaidi. Namba ya pili na ya tatu, zikiwepo, ni za kurekebisha mviringo wa jicho usio sawa.

Kuna namba nyingine ambayo husahaulika: umbali kati ya mboni mbili, unaopimwa kwa milimita. Lenzi ina kitovu chake, na kitovu hicho kinatakiwa kukaa mbele ya mboni. Kikikaa pembeni, mvaaji huhisi kizunguzungu hata kama nguvu ya lenzi ni sahihi. Mnunuzi na aombe namba hiyo iandikwe.

Karatasi ipigwe picha kwa simu na nakala ihifadhiwe nyumbani. Mwenye karatasi anaweza kulinganisha bei katika maduka matatu bila kulipia kipimo kipya kila mara. Miwani ikivunjika, haanzi upya.

Watoto hawasemi

Mtoto asiyeona ubao hajui kwamba haoni. Hajawahi kuwa na macho mengine ya kulinganisha. Anadhani kila mtu huona hivyo. Mwalimu anaweza kumwona mvivu, mzazi akamwona mtukutu, naye akaanza kuamini hivyo.

Dalili zipo kwa anayeangalia. Mtoto hukaribia televisheni, huinamia daftari mpaka pua iguse karatasi, hukunja uso, huinamisha kichwa upande mmoja, au hunakili vibaya kazi ya ubaoni ingawa anajibu vizuri kwa mdomo. Jicho linaloelekea upande tofauti na lenzake lisisubiriwe likidhaniwa litanyooka lenyewe. Ubongo unaweza kuzoea kulipuuza jicho hilo, na matibabu hufaulu zaidi katika miaka ya mwanzo ya utoto. Doa jeupe ndani ya mboni ya mtoto ni jambo la dharura.

Kaunti jirani ya Trans Nzoia ina funzo hapa. Utafiti ulioongozwa na Dkt. Hillary Rono, daktari wa macho wa Kitale, na kuchapishwa mwaka wa 2018, ulihusisha shule 50. Walimu walifundishwa kupima macho ya wanafunzi. Katika nusu ya shule hizo walitumia simu, na wazazi wa watoto waliogunduliwa kuwa na shida wakatumiwa ujumbe wa kuwakumbusha kwenda hospitali. Katika shule zilizotumia simu, asilimia 54 ya watoto hao walifika hospitali. Katika shule zilizotumia njia ya kawaida, walifika asilimia 22. Kwa hiyo walimu wanaweza kuwatambua watoto wenye shida. Mahali ambapo wengi hupotea ni katika safari kati ya barua ya shule na mlango wa hospitali. Mzazi aliyeletewa barua hiyo na mtoto asiitie kwenye droo.

Mtoto asinunuliwe miwani iliyo tayari, wala asipewe ya ndugu yake. Na wale wanaosema kwamba miwani itamzoesha macho yawe dhaifu wanakosea. Miwani haidhoofishi jicho. Mtoto huikimbilia asubuhi kwa sababu ameonja kuona. Kinachofaa kuongezwa ni muda wa kucheza nje mchana, kwa kuwa watoto wanaokaa sana ndani huelekea zaidi kupata tatizo la kutoona mbali.

Kuchagua fremu na lenzi

Kipimo kikishapatikana, fremu ina zamu yake. Fremu nzuri haichagui uso tu, huchagua pia kazi. Ikae juu ya pua bila kuteleza mtu anapoinama shambani. Mikono yake isiume nyuma ya masikio wala kubana vipajini. Mvaaji atikise kichwa, ainame afunge kamba za viatu, acheke. Ikianguka dukani, itaanguka shambani. Kope zisiguse lenzi. Mwenye lenzi nzito achague fremu ndogo, kwa sababu lenzi kubwa ya nguvu nyingi huwa nene pembeni na nzito puani.

Lenzi nyingi za leo ni za plastiki. Lenzi za kioo hazikwaruziki haraka, lakini ni nzito, na zikivunjika vipande vyake huweza kuumiza jicho. Kwa mtoto, mwendeshaji bodaboda na fundi, lenzi ya polikaboneti inafaa zaidi kwa kuwa hustahimili kishindo. Hukwaruzika kwa urahisi, hivyo iombwe yenye utando wa kuzuia mikwaruzo.

Aliye na fremu nzima ya zamani asishawishiwe kununua mpya kama hataki. Lenzi mpya zinaweza kuwekwa katika fremu ile ile ikiwa bado imara.

Kuna nyongeza ambazo mnunuzi huuziwa kwa maneno matamu. Moja ni lenzi za kuzuia mwanga wa buluu wa simu na kompyuta. Uhakiki wa Cochrane wa mwaka wa 2023, uliokusanya majaribio 17, haukuona ushahidi kwamba lenzi hizo hupunguza uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida kwa muda mfupi. Anayechoka kwa kutazama skrini apumzishe macho kila baada ya dakika 20 kwa kuangalia mbali, na akumbuke kupepesa kope. Nyingine ni miwani ya manjano ya kuendeshea gari usiku. Lenzi yoyote yenye rangi hupunguza mwanga, na usiku mwanga tayari ni mchache. Dereva anayesumbuliwa na taa za magari yanayokuja apimwe macho, maana huenda ni mtoto wa jicho anayeanza.

Miwani ya jua

Kakamega iko karibu na mstari wa Ikweta, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Jua la hapa lina miale mikali ya urujuanimno mwaka mzima, hata siku za mawingu mepesi, na miale hiyo huongezeka kadiri mahali panavyokuwa juu. Miaka mingi ya miale hiyo huchangia mtoto wa jicho, na ile nyama inayoota kutoka kona ya jicho kuelekea mboni, ambayo huonekana mara nyingi kwa watu wa kazi za juani.

Kosa kubwa katika ununuzi wa miwani ya jua ni kudhani kwamba weusi ndio kinga. Rangi hupunguza mwangaza unaoonekana. Miale ya urujuanimno haionekani, na huzuiwa na aina ya lenzi au dawa iliyochanganywa humo. Lenzi nyeupe kabisa inaweza kuwa na kinga kamili, na lenzi nyeusi tititi ikakosa. Tena nyuma ya lenzi nyeusi mboni hupanuka, na kama hakuna kinga, mlango wa miale umefunguliwa zaidi.

Kinachotafutwa ni maandishi UV400, au maelezo kwamba miale hiyo inazuiwa kwa asilimia 100. Lebo huweza kubandikwa na yeyote, kwa hiyo mnunuzi aulize kama duka lina mashine ya kupimia kinga hiyo. Maduka mengi ya miwani huwa nayo na kupima huchukua sekunde chache. Sokoni kuna njia ya makadirio: taa ya zambarau ya kukagulia noti. Noti ya Kenya ikimulikwa, alama zake hung'aa. Lenzi ikiwekwa kati ya taa na noti, na alama ziache kung'aa au zififie sana, kuna dalili ya kinga. Zikiendelea kung'aa vile vile, lenzi hiyo irudishwe mezani. Njia hii haichukui nafasi ya mashine, ila huweza kuokoa pesa.

Jaribio lingine halihitaji taa. Mnunuzi aishike miwani mbele yake kwa urefu wa mkono, atazame ukingo wa mlango kupitia lenzi moja, kisha aisogeze polepole kushoto na kulia. Ukingo ubaki umenyooka. Ukipinda au kucheza kama maji, lenzi hiyo itamchosha macho.

Lenzi za jua pia hupangwa kwa madaraja, kuanzia 0 hadi 4. Daraja la 3 linafaa kwa jua la mchana. Daraja la 4 ni jeusi mno na halifai kuendeshea chombo chochote barabarani. Lenzi za polaraizi hupunguza mng'ao wa lami iliyolowa na maji ya mto, lakini huweza kuifanya skrini ya simu ionekane nyeusi. Lenzi zinazobadilika rangi juani hazikolei vizuri ndani ya gari, kwa kuwa kioo cha mbele huzuia sehemu kubwa ya miale inayozigeuza.

Watu wenye ualbino wanahitaji miwani ya jua kuliko wote, pamoja na kofia pana. Macho yao yana upungufu wa rangi ya asili inayopunguza mwanga. Wengi wao huhitaji pia lenzi za vipimo. Mtoto wao apelekwe kupimwa mapema, na shuleni aketishwe mbele, mbali na dirisha lenye jua.

Onyo moja: miwani ya jua, hata iwe ghali namna gani, haitoshi kutazamia jua wakati wa kupatwa kwake, wala kuchomelea vyuma.

Macho kazini

Fundi wa kuchomelea asiyetumia kinyago chenye lenzi maalumu huungua sehemu ya mbele ya jicho. Usiku huhisi kama ametiwa mchanga machoni. Mchimbaji wa dhahabu anayeponda mawe maeneo ya Rosterman, mkata miwa kati ya majani makali ya Mumias na Matungu, na seremala mbele ya msumeno, wote wanahitaji miwani ya kazi iliyofunikwa pembeni. Kipande kidogo cha jiwe hakisubiri mtu amalize kusema. Jicho lililochomwa na jani la muwa lisitiwe maziwa, asali wala dawa ya jirani. Lipelekwe hospitali, kwa sababu kidonda chake huweza kuharibu kioo cha jicho ndani ya siku chache.

Mwendeshaji bodaboda avae kinga ya macho mchana dhidi ya vumbi na wadudu. Jua likizama, abadilishe avae lenzi nyeupe. Mvua ya jioni ya Kakamega na miwani nyeusi ni hatari kwa abiria na kwa mtembea kwa miguu.

Kabla ya kulipa, na baada

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike nazo. Haki hiyo inamhusu mnunuzi wa miwani. Anaweza kuuliza bila woga: Nani amepima? Bei ya fremu ni ngapi na ya lenzi ni ngapi, kila moja peke yake? Lenzi ni ya aina gani? Ikikosewa, itarekebishwa bure kwa muda gani? Majibu yaandikwe kwenye risiti. Duka linalofanya kazi yake vizuri halichukizwi na maswali hayo.

Miwani ikiwa tayari, aivae dukani. Asome ujumbe mdogo wa simu, kisha atazame bango la ng'ambo ya barabara. Afunge jicho moja, kisha lingine. Apande na kushuka ngazi. Kizunguzungu kidogo siku za kwanza ni kawaida, hasa kwa lenzi zenye sehemu mbili, ya mbali juu na ya karibu chini. Mvaaji wa lenzi hizo ajifunze kuinamisha kichwa anaposhuka ngazi, asije akakanyaga hewa. Kichwa kikiendelea kuuma baada ya wiki mbili, arudi na miwani pamoja na karatasi yake, lenzi zilinganishwe na vipimo.

Kuitunza idumu

Miwani nyingi hufa kwa kufutwa, si kwa kuanguka. Vumbi la barabara za murram lina chembe ngumu. Anayefuta lenzi kavu kwa shati au leso huzisugua chembe hizo juu ya lenzi, na kila siku huongeza mikwaruzo. Kwanza lenzi zimwagiwe maji safi ya baridi. Kisha tone dogo la sabuni ya maji, zisuguliwe kwa ncha za vidole, zisuuzwe, zikaushwe kwa kitambaa laini cha pamba kilicho safi. Dawa ya meno, majivu, sabuni ya unga na maji ya moto visitumike. Dawa ya meno haiondoi mikwaruzo. Hukwangua utando wa lenzi.

Ivaliwe na kuvuliwa kwa mikono miwili, maana mkono mmoja huipanua upande mmoja mpaka ipinde. Isiwekwe kichwani kama kofia, wala kifudifudi na lenzi zikigusa meza. Isiachwe mbele ya usukani gari likiwa juani, wala karibu na jiko, kwa kuwa joto hupasua utando. Usiku ilale kwenye kasha lake, mahali ambapo mtoto hafiki na mtu hakanyagi. Skurubu zikilegea zikazwe mapema. Zile pedi ndogo za puani hubadilishwa kwa gharama ndogo.

Hata miwani iliyotunzwa vizuri haidumu na macho milele. Macho hubadilika. Mtu mzima apimwe tena kila baada ya mwaka mmoja au miwili, na mtoto kila mwaka. Miwani ya marehemu babu ibaki kumbukumbu, isigeuzwe dawa ya mjukuu.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Katika kaunti hii wapo wengi wenye macho ambao wangependa kutazama lakini hawawezi, na wamekubali kwamba ndivyo umri ulivyo. Wazee wa vijiji, walimu na wahudumu wa afya wa jamii wanawajua. Ni yule mama aliyeacha kusoma Biblia au Kurani, yule karani wa chama aliyekabidhi daftari kwa mwingine, yule mwanafunzi anayeketi nyuma kimya.

Fundi wa cherehani bado ana miaka mingi ya kazi mikononi. Kinachosimama kati yake na sindano ni kipimo cha muda mfupi, karatasi moja, na lenzi mbili ndogo. Akipata hivyo atatunga uzi wake mwenyewe, na kijana wa kibanda jirani ataendelea na shughuli zake.